Matumbawe ya Malindi yahifadhi historia ya udongo wa Ukambani

MVUA kubwa inaponyesha Mukuyuni, katika Kaunti ya Makueni, maji mekundu huteremka vilimani hadi kwenye vijito vya msimu, na hatimaye Mto Athi. Mto huo, unaotenganisha Makueni na Kitui katika sehemu ya safari yake, hupokea maji ya Tsavo na kuitwa Galana, kisha huingia Bahari Hindi kwa jina la Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi. Huko ndiko historia ya udongo wa Ukambani ilikohifadhiwa: ndani ya matumbawe.

Tumbawe ni mifupa ya chokaa inayojengwa na wanyama wadogo wa baharini. Yale makubwa ya mviringo hukua kwa takriban sentimita moja kila mwaka, na matabaka yake huhesabika katika picha za eksirei mithili ya duara za shina la mti. Wanasayansi hutoboa mche mwembamba na kuupima. Maji yakipata joto, kiasi cha oksijeni nzito katika chokaa hupungua. Mto ukileta tope jingi, bariamu huongezeka, kwa kuwa madini hayo husafiri yakiwa yameshikamana na chembe za udongo na kuachana nazo yanapokutana na maji ya chumvi.

Mwaka 2000, Julia Cole na wenzake, akiwemo Mkenya Nyawira Muthiga, walichapisha rekodi ya Malindi ya miaka 194 iliyoonyesha joto la bahari likipanda na kushuka sambamba na mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2007, kundi la Dominik Fleitmann likaisoma bariamu ya tumbawe la miaka 300.

Kati ya 1700 na 1900 tope la Sabaki karibu halikubadilika. Kisha likaanza kupanda, hadi kilele cha kati ya 1974 na 1980, kilimo kilipokuwa kimepanuka na ukame kuiacha ardhi uchi.

Tarehe hizo zina uzito. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwapunguza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba, ikidai ndio walioharibu ardhi. Muindi Mbingu aliongoza upinzani, akahamishiwa Lamu. Tumbawe halimwondolei mfugaji lawama zote. Hata hivyo, laonyesha kwamba mmomonyoko ulianza kukua katika kipindi kile kile ambapo walowezi walitwaa mashamba na wenyeji wakabanwa katika maeneo waliyotengewa.

Ushahidi huu una mipaka. Athi hukusanya pia maji ya Nairobi na Machakos, hivyo haiwezekani kutaja kilima wala shamba. Aidha, tope huifikia miamba ya Malindi zaidi wakati wa kaskazi. Kusi huligeuzia upande mwingine.

Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, limewekwa katika njia ya tope hilo hilo.