Warithi wa Wasifu wa Churchill

Wasifu rasmi wa Winston Churchill ulianzwa na mwanawe, Randolph, ukamalizwa na mtu asiye wa ukoo. Neno "rasmi" hapa halina maana ya serikali. Karatasi za Churchill zilikuwa chini ya amana ya familia iliyoundwa mwaka 1946, na mwandishi rasmi ni yule aliyefunguliwa makasha ya karatasi hizo.

Randolph alipata ridhaa ya baba yake mwaka 1960. Karatasi zikapelekwa nyumbani kwake East Bergholt, Suffolk, zikawekwa katika chumba madhubuti. Yeye hakukaa peke yake mezani: aliajiri vijana wasomi wachambue barua na kumsomea kwa sauti, mara nyingi hadi usiku wa manane. Mmoja wao, aliyejiunga mwaka 1962, ni Martin Gilbert wa Oxford. Kanuni ya kazi ilikuwa kumwacha Churchill ajieleze mwenyewe kwa barua zake, na kila juzuu ifuatwe na juzuu za nyaraka.

Randolph alifariki Juni 6, 1968, akiwa ametoa juzuu mbili tu, zinazoishia mwaka 1914. Safari ya Churchill ya 1907 katika reli ya Mombasa imo humo. Vita vyote viwili vya dunia havimo. Damu ingekuwa kigezo, mjukuu alikuwepo, tena mwandishi wa habari aliyeitwa Winston vilevile. Lakini Oktoba mwaka huohuo kazi alikabidhiwa Gilbert, ndiyo kwanza anatimiza miaka 32. Alichokuwa nacho si jina, bali kujua kila barua iko wapi.

Aliishika kanuni ya Randolph, ila akaipanua mno. Juzuu ya tatu ilitoka mwaka 1971 na ya nane, ya mwisho ya masimulizi, mwaka 1988. Zile za nyaraka zilibaki nyuma, kwa kuwa uchapishaji wake ni ghali na wanunuzi ni wachache. Chuo cha Hillsdale, Michigan, ndicho kilichokuja kuzibeba. Gilbert alipofariki Februari 2015 hazijaisha, na aliyeziendeleza ni rais wa chuo hicho wakati huo, Larry Arnn. Naye miaka ya 1970 alikuwa msaidizi wa utafiti wa Gilbert. Juzuu ya 23 ya nyaraka, ya mwisho, ilitoka mwaka 2019.