Beki Asiharakishwe
Nikiulizwa beki chipukizi wa hoki ya barafuni apimwe vipi, mimi humtaja Larry Robinson. Montreal Canadiens walimchagua mwaka 1971, akiwa wa 20 kwenye orodha. Wa kwanza, mshambuliaji Guy Lafleur, aliingia kikosini moja kwa moja. Robinson akapelekwa Halifax, kwenye timu yao ya akiba, Nova Scotia Voyageurs. Walifanya la busara kabisa. Mshambuliaji akipokonywa kile kisahani cheusi, nyuma wapo wenzake. Beki akipokonywa, kabaki kipa tu. Tena beki huteleza kinyumenyume, macho kifuani mwa mpinzani, maana mikono hudanganya. Robinson alipandishwa Januari 1973, na Mei akabeba Kombe la Stanley.