Gome la Mlundalunda

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Wageni hupiga picha mlangoni. Mimi huwaza kasha lake la dawa, ambalo watu wawili wa msafara wake walitoroka nalo Januari 1867, kwinini ikiwa humo. Homa zikamwandama miaka, naye akipita katika miombo ambayo Wanyamwezi walichemsha magome yake kila siku.

Bibi yangu, mganga, alichuna gome la mti wa mlundalunda upande wa mashariki tu, kisha akaupaka mti udongo penye jeraha. Alichemsha mpaka maji yawe kama chai ya rangi.

Muhimbili, kitengo cha kutafiti dawa za asili kiliundwa 1974, kikawa taasisi 1991. Sheria ya tiba asili ikaja 2002. Kazi yenyewe huanzia porini: tawi lenye ua hubanwa katikati ya magazeti, likaandikwa mahali, tarehe na jina la kienyeji. Bila hilo, kesho hakuna ajuaye ulipima mti gani. Gome husagwa, likalowekwa kwenye spiriti, na kinachotoka hujaribiwa kwanza kwa kamba wadogo mno wa maji ya chumvi. (Mganga, kwenye daftari, huitwa “mtoa taarifa”. Neno hilo silipendi.)

Watafiti walipomuuliza Bibi kipimo, alinyoosha kiganja. Kijana mmoja akatoa mizani, akamwomba ajaze mara tatu. Kila mara uzito tofauti.

“Kwani wagonjwa wote wako sawa, mjukuu wangu?”

Kijana akaandika zote tatu.