Msamaha wa Leseni kwa Waganga wa Jadi na Utata wa "Jamii Yake": Mtazamo kutoka Kondoa, 1928–2017

1.0 Utangulizi

Historia ya sheria za taaluma za afya Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata wale waliopewa leseni. Makala haya yanachunguza upande wa pili, yaani watu ambao sheria iliwaruhusu kutibu bila leseni, na masharti waliyowekewa. Msamaha unaojadiliwa ni ule wa Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno ya mwaka 1959, Sura ya 409, iliyodumu Tanzania Bara hadi ilipofutwa na Sheria Namba 11 ya mwaka 2017. Kondoa imeteuliwa kwa kuwa ni eneo ambalo jamii kadhaa zenye lugha na asili tofauti zimeishi pamoja kwa muda mrefu. Hoja kuu ni kwamba msamaha huo haukuwa uhuru wa kutibu. Ulikabidhi kwa majirani kazi ya kuthibitisha utaalamu, kisha ukaifungia ndani ya mipaka ya jamii ambayo maisha ya Kondoa hayakuifuata. Aidha, ulipima madhara kwa kigezo cha uhai peke yake, na kigezo hicho hakikutosha kwa maradhi ya masikio na matatizo ya usemi.

2.0 Msamaha na masharti yake

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilimkabili mganga kwanza kupitia sheria ya uchawi. Sheria ya mwaka 1922, na ile ya mwaka 1928 iliyoirithi, zililenga uchawi, lakini mganga aliyepiga ramli na kumtaja mtu kuwa mchawi aliweza kujikuta upande wa washtakiwa. Sheria ya mwaka 1959 ilimkabili mganga huyohuyo kwa njia nyingine. Haikumsajili wala haikumkataza. Ilitamka tu kwamba masharti ya usajili wa madaktari hayatazuia tiba za kienyeji. Msamaha ulikuwa na mambo matatu: mganga awe anatambuliwa na jamii yake kuwa na ujuzi, atibu ndani ya jamii hiyo, na asitende jambo la hatari kwa maisha.

Sababu za msamaha huo zinaeleweka. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo waliotajwa walikuwa 12 tu. Dola isiyo na madaktari haikuweza kuwapiga marufuku waganga bila kuwaacha wananchi wengi mikono mitupu. Hata lugha haikuwatenganisha waliosajiliwa na wasiosajiliwa. Neno "mganga" lilimhusu mtaalamu wa mitishamba kijijini, na lilimhusu pia Mganga Mkuu wa Wilaya katika ofisi ya serikali. Mpaka uliowekwa na sheria haukuwamo katika mazungumzo ya kila siku.

3.0 Mipaka ya jamii katika Kondoa

Sharti la "jamii yake" lilichukulia kwamba kila mganga ana jamii moja iliyo wazi. Katika eneo la Kondoa ya zamani, ambalo mwaka 2012 lilizaa Wilaya ya Chemba, Warangi huzungumza lugha ya Kibantu, Waburunge na Waalagwa lugha za Kikushi, na Wasandawe lugha yenye sauti za kidoko. Ujuzi wa kiganga ulivuka mipaka hiyo. Miongoni mwa Wasandawe, ukoo wenye asili ya Waalagwa ulipata heshima kwa sababu ya kuomba mvua. Kwa maana hiyo, mtu aliyetoka jamii nyingine aliweza kuaminiwa kwa sababu ya ugeni wake. Uislamu nao, ulioenea sana kwa Warangi, ulileta tiba ya kombe na hirizi, ambayo jamii yake ni waumini wa makabila mbalimbali.

Makazi pia yalibadilika. Operesheni ya vijiji mkoani Dodoma iliyoanza mwaka 1971, na kuondolewa kwa mifugo katika vilima vya Irangi mwaka 1979 chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, kulihamisha watu na mifugo. Mgonjwa na mganga wake waliweza kujikuta katika vijiji viwili tofauti bila uhusiano wao kuvunjika.

Mfano wa Mungomi wa Kolo unadhihirisha utata huo kwa namna nyingine. Pango hilo lenye michoro ya miambani limeendelea kutumiwa kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililenga kulinda mwamba na michoro. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na uhusiano wa mapango na matambiko ya wenyeji ulitajwa kuwa sehemu ya thamani yake. Kwa hiyo tendo lilelile la uponyaji lilisamehewa na sheria ya afya, likatazamwa kwa hofu na wahifadhi, na likathaminiwa na orodha ya kimataifa.

4.0 Kutoka kwa jirani hadi kwenye daftari

Baada ya Azimio la Arusha, serikali iliitazama tiba ya jadi kama hazina ya kuchunguzwa. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi. Utafiti huo ulihusu zaidi mimea kuliko uwezo wa mganga. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, Namba 23, ndiyo iliyounda Baraza na kutaka watoa tiba wasajiliwe. Hata hivyo, maombi ya usajili huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa na kupitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Ushahidi wa jirani haukutoweka. Ulibadilika kuwa barua yenye mhuri.

Matukio mawili yalionyesha udhaifu wa mfumo mzima. Mwaka 2011 umati wa watu kutoka ndani na nje ya nchi ulimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. "Jamii yake" ilikuwa imepita mipaka ya taifa. Mwezi Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli na waganga wasio na leseni. Baada ya miongo kadhaa, dola ilirudi kwenye hofu ya mwaka 1928: kwamba anayetibu anaweza pia kuwa chanzo cha mauaji.

5.0 Kigezo cha uhai na huduma za usikivu na usemi

Sharti la tatu la msamaha, yaani kutohatarisha maisha, halijapewa uzito unaostahili. Mafuta au maji ya majani yakimiminwa katika sikio linalotoa usaha, mgonjwa kwa kawaida hafi papo hapo. Anachoweza kupoteza ni usikivu. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo na kubaki kiziwi, akizungushwa kwa waganga mwaka baada ya mwaka, hupoteza miaka ile ambayo lugha hujengeka. Kwa kigezo cha mwaka 1959, hakuna kosa lililotendeka.

Lakini kumlaumu mganga peke yake ni kukwepa swali. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, mbali na Kondoa. Upandikizaji wa vifaa vya usikivu ulianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba asilimia 93 ya nchi zenye kipato cha chini zina chini ya mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja, na kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unazuilika. Palipo na upungufu wa kiasi hicho, mzazi hachagui kati ya mganga na mtaalamu, humwendea aliyepo.

6.0 Hitimisho

Msamaha wa leseni ulizaliwa na uhaba, na uhaba huo haujaisha katika huduma za usikivu na usemi. Uzoefu wa Kondoa unaonyesha kuwa kumfuta asiye na leseni katika maandishi hakumwondoi kijijini, na kumsamehe bila kumfuatilia hakumlindi mgonjwa. Sheria yoyote itakayoruhusu watu wasio wataalamu kamili kuhudumia masikio na usemi itahitaji kutaja kazi wanazoweza kufanya, kazi wasizoruhusiwa, na muda ambao mgonjwa lazima awe amepelekwa hospitali. Itahitaji pia kutambua kuwa uwezo wa mtoto kusikia na kusema ni jambo la kulindwa hata pale ambapo uhai wake hauko hatarini.