Fomaika Yapanda Cheo: Jinsi Milano Ilivyoleta Mchezo Sebuleni

Jioni moja ya Septemba 1981, katikati ya jiji la Milano, umati ulifurika kutoka ukumbi wa maonyesho wa Arc '74 hadi barabarani. Waliokuwa wakisukumana mlangoni hawakumfuata mwanamuziki wala mwanasoka. Walikwenda kutazama meza, makabati, taa, saa na vyombo vya kauri: vitu 55 kwa jumla, kazi ya kundi jipya la wabunifu lililojiita Memphis. Baadhi ya wabunifu hao walikuwa hawajafika miaka 30. Kiongozi wao, Ettore Sottsass, alitimiza miaka 64 mwezi huohuo.

Kilichozungumziwa kuliko vyote ni Carlton, rafu ya vitabu inayoweza pia kugawa chumba. Kimo chake ni karibu mita mbili, na upana hivyohivyo. Ukiwa mbali unaona kama mtu amesimama na kuinua mikono. Sogea karibu utaona kwamba baadhi ya mbao zimelala sawa na nyingine zimeinama, kwa hiyo vitabu vinaegemea upande vitake visitake. Kila ubao una rangi yake, na chini kabisa kuna droo mbili juu ya kitako chenye madoadoa. Huo unaoonekana kuwa mchezo una hesabu ndani yake. Mbao zile zimepangwa kwa kufuata pembetatu zenye pande sawa. Baadhi ya pande zipo, nyingine zinakamilishwa na jicho la mtazamaji. Seremala atakayeinakili kwa kukadiria tu ataona haraka kwamba kitu hakikai sawa.

Umbo hilo liliwashangaza wageni, lakini ngozi yake iliwaudhi baadhi yao. Carlton haionyeshi popote mti wa thamani. Imevikwa fomaika kila upande.

Fomaika hutengenezwa kwa karatasi. Karatasi ngumu kadhaa hulowekwa gundi ya kemikali, juu yake hulazwa karatasi ya rangi au ya michoro iliyolowekwa melamini, kisha zote hushindiliwa kwa joto kali na nguvu nyingi hadi ziwe bamba moja. Wahandisi wawili wa Marekani, Herbert Faber na Daniel O'Conor, waliibuni 1912 kwa ajili ya kukingia umeme kwenye mitambo. Baadaye ikahamia jikoni na mikahawani, kwa kuwa chai ikimwagika unafuta na kitambaa na yameisha. Atakayesoma makala haya Tanga au Kisumu huenda amekula chapati na maharage juu yake mara nyingi bila kuitupia jicho. Italia pia ilikuwa nayo kwenye kaunta za baa za kahawa. Ikiingia sebuleni, basi ilipaswa kujifanya mbao: mistari ya mti inachapwa juu ya karatasi ili mgeni asijue.

Sottsass aliikataa aibu hiyo. Pamoja na kiwanda cha Abet Laminati cha mji wa Bra, kaskazini mwa Italia, alichora fomaika isiyoiga chochote. Mchoro wake wa 1978 uitwao Bacterio ni vijimstari vyeusi vilivyojipinda, vimetawanyika kama vijidudu chini ya hadubini. Fomaika ya aina hiyo ndiyo aliyoipeleka hadi chumba cha wageni, mahali palipokuwa pa marumaru na mti ghali. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa zaidi walilolifanya Memphis, kubwa kuliko rangi zao zinazopendwa na wapiga picha. Walionyesha kwamba cheo cha mti na cheo cha fomaika tumevitoa sisi wenyewe, na kwamba tunaweza kuvibadilisha.

Moyo wa kucheza na vitu vya nyumbani ulikuwapo Milano kabla yao. Mwaka 1957 ndugu Achille na Pier Giacomo Castiglioni walichukua kiti cha chuma cha trekta, kile chenye matundu kinachofuata umbo la makalio, wakakifunga juu ya ukanda wa chuma uliopindwa na ubao mmoja wa kuukalisha chini. Kinachoviunganisha ni nati yenye masikio, ya kukazwa kwa vidole. Mwaka huohuo wakachukua tandiko la baiskeli na kulisimamisha juu ya nguzo yenye kitako cha chuma cha mviringo kama nusu ya mpira. Hicho kilikuwa kigoda cha mtu anayezungumza na simu, kwa kuwa Achille alipenda kusogeasogea akiwa kwenye simu, na bado alitaka kukaa. Viwanda vilichelewa kuvielewa vigoda hivyo. Kampuni ya Zanotta ilianza kuuza cha trekta mwanzoni mwa miaka ya 1970, na cha baiskeli 1983.

Sottsass mwenyewe alitoka katika ulimwengu wa mashine. Alizaliwa Innsbruck, Austria, 1917, akasomea usanifu majengo Torino, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa mbunifu wa kampuni ya Olivetti. Kompyuta kubwa ya Elea 9003 ilimpatia tuzo ya Compasso d'Oro 1959. Kisha, baada ya safari ya India ya 1961, aliugua ugonjwa mbaya wa figo. Roberto Olivetti, mwana wa familia iliyomiliki kampuni, alimpeleka kutibiwa Palo Alto, California, na hapo Sottsass alilala miezi akiwa karibu na kifo. Alipopona alirudi Italia na kufinyanga mfululizo wa vyombo vya kauri alivyoviita vya giza. Ukiujua ugonjwa huo, utazitazama rangi zake za baadaye kwa jicho jingine. Ni rangi za mtu aliyekaribia kuukosa mwanga wa mchana.

Mwaka 1969, yeye na Mwingereza Perry King waliipa Olivetti taipureta ya Valentine. Taipureta za ofisini zilikuwa za kijivu. Hii ilikuwa ya plastiki nyekundu, ina mkono nyuma wa kuibebea, na inatumbukia kwenye sanduku lake kwa msukumo mmoja. Vifuniko viwili vya utepe wa wino vilikuwa vya rangi ya chungwa, vimekaa juu ya mashine vikitazamana na mpigaji chapa. Haikuuzwa sana. Lakini mwanamuziki David Bowie alikuwa na yake, na ilipopigwa mnada London Novemba 2016, miezi kumi baada ya kifo chake, ilikwenda kwa pauni 45,000.

Kundi la Memphis lenyewe lilizaliwa nyumbani kwa Sottsass, usiku wa Desemba 1980. Kabla ya hapo alikuwa ameshiriki na kundi la wabunifu la Studio Alchimia, walikofanya kazi pia akina Alessandro Mendini, aliyechukua kiti cha kifahari cha mtindo wa kale mwaka 1978 na kukipaka vitone vya rangi kuanzia mbao hadi kitambaa. Mendini aliamini kwamba maumbo mapya yamekwisha, limebaki pambo. Sottsass alitaka kutengeneza na kuuza. Usiku ule vijana waliketi wakipanga, na kwenye gramafoni ulikuwa ukirudiarudia wimbo wa Bob Dylan unaoutaja mji wa Memphis. Jina likapatikana hivyo. Ernesto Gismondi, mwenye kampuni ya taa ya Artemide, akatoa msaada wa fedha, na miezi tisa baadaye kazi zilikuwa ukumbini.

Ziko nyingi za kusimulia, lakini mbili nazipenda kupita zote. Masanori Umeda wa Japani alitengeneza ulingo wa ndondi wa kukalia, wenye kamba pande zote na mikeka ya Kijapani ndani. Picha ya kundi zima limejazana humo ndiyo iliyozunguka dunia. Martine Bedin, Mfaransa aliyezaliwa 1957, alitengeneza taa ya nusu duara yenye balbu sita zilizo wazi na magurudumu manne madogo chini. Unaishika waya, unaivuta, nayo inakufuata kutoka chumba hadi chumba.

Rika lake na mwananchi mwenzake, Nathalie du Pasquier, ndiye aliyechora vitambaa vingi vya Memphis. Kabla ya kuhamia Milano 1979 alikuwa amesafiri Afrika Magharibi, India na Australia, na ameeleza jinsi vitambaa alivyovikuta njiani vilivyomfungua macho. Hilo linastahili kusemwa kwa sauti, kwa sababu vitabu vya sanaa husimulia habari ya Memphis kana kwamba yote yalitoka Italia. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya duka la vitenge Kariakoo ataitambua mantiki ya michoro yake: maumbo makubwa yanayogongana bila kuombana radhi, mstari mweusi unaoyashika pamoja, rangi tatu ambazo kwenye karatasi hazipatani na kwenye kitambaa zinaimba.

Lawama moja ilikuwa ya haki. Fomaika ni rahisi, lakini Carlton haikuwa rahisi. Vitu vilitengenezwa vichache, kwa mkono, na wanunuzi wakawa watu kama mbunifu wa mitindo Karl Lagerfeld, aliyeijaza Memphis nyumba yake ya Monte Carlo kisha akaipiga mnada yote 1991. Sottsass aliondoka kwenye kundi 1985, na miaka michache baadaye likavunjika. Alifariki Milano, siku ya mwisho ya mwaka 2007.

Mchezo ulifika jikoni kwa watu wengi kupitia mlango mwingine. Michael Graves, msanifu majengo wa Marekani aliyeichorea Memphis meza ya kujipambia kwa maonyesho ya 1981, alipewa na kampuni ya Alessi kazi ya kuchora birika. Lilitoka 1985: umbo la pia la chuma kisichoshika kutu, mkono wa buluu, na kwenye mdomo wake ndege mdogo mwekundu anayepiga filimbi maji yakichemka. Yameuzwa zaidi ya milioni moja. Kuanzia 1999 Graves alichora pia vyombo kwa maduka ya Target, vya bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Marekani aliimudu.

Mwaka 2003 maambukizi yalimpoozesha kuanzia kifuani kwenda chini. Akiwa hospitalini aligundua kwamba kwenye kiti cha magurudumu hafikii bomba la maji, hajioni kwenye kioo anaponyoa, na soketi ya umeme iko mbali na mkono wake. Vyumba vile vya ugonjwa vilimkera pia kwa ubaya wa sura zao, naye hakulificha hilo. Katika miaka yake iliyobaki, hadi alipofariki 2015, alichora pia samani za wagonjwa. Kwa kampuni ya Stryker alishiriki kubuni kiti cha kusafirishia wagonjwa ambacho sehemu za kushika zimetofautishwa kwa rangi, na vishikio vya nyuma vinasimama wima, ili muuguzi mfupi na muuguzi mrefu wote waweze kukisukuma bila kuumiza mgongo.