Mise za Kongo, ng'ombe wa Ulaya

Machi 1915 reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo, Kongo, ilifika Ziwa Tanganyika, pale panapoitwa Kalemie leo, baada ya kilomita 273. Oktoba mwaka uleule mashua mbili za kivita za Waingereza zilishuka na Lualaba, zikapandishwa kwenye mabehewa hapo Kabalo, zikaenda kupigana na Wajerumani ziwani. Vita hiyohiyo, Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa imeshawakosesha ng'ombe wa Ulaya chakula kilichotoka kwenye michikichi ya Afrika, na kisa hicho husimuliwa mara chache zaidi.

Ngazi, yaani tunda la mchikichi, ina mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje hutoa mawese, yale mekundu ya mchuzi. Ndani ya kokwa mna mise, na mise ikikamuliwa hutoa mafuta mengine, kisha hubaki mashudu. Kabla ya 1914 mise nyingi za makoloni ya Waingereza ya Afrika Magharibi zilikamuliwa Ujerumani, hasa Hamburg na jirani yake Harburg. Mafuta yaliingia kwenye majarini na sabuni. Mashudu walipewa ng'ombe wa maziwa. Yakikamuliwa kwa mashine tu, bila dawa ya kuyeyushia, hubaki na mafuta ya asilimia 5 hadi 10, na siagi ya ng'ombe aliyeyala huwa ngumu. Basi mise ileile ilimwimarishia mfugaji siagi na papo hapo ikamtengenezea mshindani wake sokoni.

Vita ilipofunga njia ya Hamburg, serikali ya Uingereza iliunda kamati, ikatoa ripoti 1916, na wafugaji wakahimizwa kuyatumia mashudu hayo. Ng'ombe hawakuhimizika upesi. Mashudu ya mise ni makavu na yana chengachenga kama mchanga. Ng'ombe asiyeyazoea huyanusa akageuza kichwa, mpaka yachanganywe na molasi.

Mise za Kongo nazo zilishuka mpaka bandari ya Matadi na kuvuka bahari. Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni, alikuwa ameshapewa na Wabelgiji haki ya michikichi mwaka 1911, ingawa maeneo yake yalikuwa mbali na Kabalo.

Na kwa nini mise hizo hazikumlisha ng'ombe wa Kabalo? Kwa sababu ya mbung'o. Bonde lenye joto na vichaka humuua ng'ombe kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kabla hajafikiriwa kukamuliwa. Ng'ombe wa mkoa wa Tanganyika wako juu kwenye baridi, nyanda za Marungu, upande wa Moba na Pepa.

Hata kule walikokuwepo ng'ombe, mafuta yalikuwa na mpaka wake. Yakizidi takribani asilimia 6 au 7 ya chakula kikavu, vijidudu vya tumbo la kwanza hushindwa kusaga majani, na maziwa hupungua. Miaka ya 1980 mwanzoni, Palmquist na Jenkins wa Ohio waliyafunga mafuta kwa kalsiamu yakawa kama sabuni: hupita tumbo la kwanza salama, hufunguka kwenye asidi ya tumbo la nne.

Mawese ya kazi hiyo siku hizi hutoka zaidi Malaysia na Indonesia, kwa michikichi ambayo asili yake ni Afrika. Miche minne ya michikichi hiyo ilipandwa Bogor, Java, mwaka 1848.