Babati na Vijiji vya Milimani

Msafiri atokaye Arusha kwenda kusini hupita Magugu, kwenye uwanda wa Bonde la Ufa, kisha hupanda mpaka Babati, mji uliokaa baina ya mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko. Wengi hunywa chai, wakashika tena njia. Hao wameona kituo, nchi hawajaiona.

Ni kweli kwamba Babati umelelewa na barabara. Zama za Waingereza ulikuwa kituo katika Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya njia iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Mwaka 2002 ukawa makao makuu ya Mkoa wa Manyara, na mwaka 2018 ikafunguliwa barabara ya lami kutoka Dodoma, yenye kilomita 251. Lakini historia iliyo kongwe zaidi imo vijijini, na ufunguo wake ni lugha.

Bonga na Galapo ni kwa Wagorowa, ambao lugha yao, kama ya jirani zao Wairaqw, ni ya jamii ya Kikushi, yenye asili upande wa Uhabeshi. Uwandani Magugu wapo Wambugwe, Wabantu walio ndugu wa Warangi wa Kondoa. Katesh, chini ya mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,420, wapo Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Kinailo. Na magharibi ya Kondoa wakaa Wasandawe, wenye lugha ya vidoko. Basi makundi yote manne ambamo wanaisimu kwa muda mrefu wamezigawa lugha za Afrika yamekutana katika nchi hii moja.

Wazee wao hawakuletwa na barabara. Walifuata maji, malisho na udongo, ambavyo ni tunu za milima. Hata hivyo mlima hutoa, na mlima hutwaa: tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe ya Hanang yaliporomokea Katesh na Gendabi, yakaua watu zaidi ya 80.

Sokoni Babati, Kiswahili ndicho kiwapatanishacho watu wote hao, na neema hiyo si ndogo. Lakini Kigorowa hakifundishwi shuleni, na mtoto wa mjini aweza kukua asielewe maneno ya bibi yake. Kiswahili, kilichokua kwa kupokea maneno ya wengine, hakina faida kubaki peke yake. Mwacha asili ni mtumwa.